Mwalimu wa Pugu na Kiti cha Abdulwahid

Msimu wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi umeingia, na kama kawaida hesabu zimeshaanza kupigwa hosteli na kwenye foleni ya chakula. Huyu ana watu, yule hana. Huyu yuko madarakani, anajulikana kila kitivo. Yule katokea wapi sijui, nani anamjua? Katika hesabu hizi huwa tunamsahau mtu ambaye picha yake imetundikwa karibu kila ofisi ya nchi hii. Tumezoea kumwona Julius Kambarage Nyerere kana kwamba alizaliwa tayari akiwa Baba wa Taifa. Sivyo. Mwaka 1953 alikuwa mgombea ambaye, kwa hesabu za mjini, hakuwa na sababu ya kushinda.

Kambarage alizaliwa Aprili 1922 kijijini Butiama, mtoto wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake 22 wa mtemi huyo. Ukisikia mtoto wa mtemi usifikirie maisha ya kifahari: alichunga mbuzi kama watoto wengine, na hakuanza shule mpaka alipofikisha miaka 12. Mwaka 1934 alipelekwa Mwisenge, shule ya bweni mjini Musoma, umbali wa kilometa zaidi ya 40 kutoka nyumbani. Alifanya vizuri sana kwenye mtihani, na mwaka 1937 akachaguliwa kwenda Tabora.

Enzi hizo mlango mkubwa wa Musoma ulikuwa ziwa. Leo ukisimama Mwigobero unaona boti zikipakia abiria wa kuvuka kwenda Kinesi, magunia na pikipiki humo humo, na si rahisi kukumbuka kwamba kwa vijana wa Mara wa wakati ule maji haya ndiyo yaliyokuwa njia ya elimu: meli hadi Mwanza, halafu treni hadi Tabora. Kijana aliyepita njia hiyo alijua mapema kitu kimoja: huko aendako ni mgeni, na hakuna anayejali baba yake ni mtemi wa wapi.

Mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Mwishoni mwa mwaka huo huo alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, akachukua jina la Julius. Hapa wanafunzi wenzangu tusikilize vizuri, maana siasa zake zilianzia chuoni. Yeye na wenzake kutoka Tanganyika, akiwemo Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage, walianzisha chama cha ustawi wa Watanganyika, ambacho baadaye kiligeuka kuwa tawi la TAA, yaani Tanganyika African Association. Hakikuwa chama kikubwa. Lakini urafiki wa pale Makerere ndio uliokuja kumfungulia milango miaka kumi baadaye.

Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskochi, akarudi mwaka 1952 na shahada ya uzamili. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel mjini Musoma, halafu akaenda kufundisha St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Ilikuwa kazi ya heshima na yenye mshahara wa uhakika. Angeweza kabisa kutulia.

Sasa tumwangalie aliyekuwa kwenye kiti. Abdulwahid Sykes hakuwa mtu mdogo. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Abdulwahid mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1924, alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, akarudi na kufanya kazi soko la Kariakoo, mahali ambapo mji mzima ulipita kila asubuhi. Kuanzia mwaka 1950 yeye akiwa katibu na Dk. Vedasto Kyaruzi akiwa rais, waliiamsha TAA iliyokuwa imesinzia. Serikali ya kikoloni ilipomhamisha Dk. Kyaruzi nje ya mji, Abdulwahid ndiye aliyebaki na usukani. Jina alikuwa nalo, nyumba ya kupokea wageni alikuwa nayo, wazee wa mji walimjua tangu akiwa mtoto.

Mpinzani wake ana nini? Ni mwalimu wa kutoka bara, Mkatoliki katika mji ambao wengi wa wanachama ni Waislamu, anaishi Pugu na siyo Kariakoo, hana ukoo mjini. Shahada ya Edinburgh ilikuwa kitu kikubwa, sawa, lakini shahada haipigi kura.

Aliyempeleka Nyerere nyumbani kwa Abdulwahid alikuwa Joseph Kasella Bantu, na kuanzia hapo mwalimu wa Pugu akawa mgeni wa kila mara pale Kariakoo. Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid, anaeleza kwamba kabla ya uchaguzi akina Sykes walisafiri hadi Nansio, Ukerewe, alikokuwa Hamza Mwapachu, na kwamba yule rafiki wa Makerere ndiye aliyewasihi wampishe Nyerere. Wapo wanaosema basi mambo yalipangwa. Wengine wanasema ule ulikuwa ushindani wa kweli na kura zilipishana kidogo sana. Linalojulikana bila ubishi ni hili: tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, wanachama walipiga kura, na mwalimu wa Pugu akatoka akiwa Rais wa TAA. Abdulwahid akawa makamu wake.

Hebu tusiipite haraka sentensi hiyo ya mwisho. Abdulwahid alikuwa na uwezo wote wa kususa. Angeweza kuondoka na wazee wake, akafungua chama kingine mtaa wa pili, na Nyerere angebaki na muhuri na daftari la mahudhurio. Hakufanya hivyo. Alibaki, nyumba yake ikabaki wazi, na yeye pamoja na ndugu yake Ally wakaendelea kutia nguvu na fedha zao. TAA ilipogeuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954, wote wawili walikuwa kati ya waasisi 17. Kadi namba 1 ikawa ya Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid. Mgeni alishinda, lakini ushindi wake ulisimama kwa sababu mwenyeji aliyeshindwa hakuubomoa.

Ushindi wenyewe haukumpa raha. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi ikabidi achague kati ya chaki na siasa. Akaacha kazi, akarudi Butiama na familia yake bila mshahara. Kwa miezi kadhaa kiongozi wa TANU alijipatia riziki kwa kuwafundisha mapadri wa Maryknoll Kizanaki na kuwafanyia tafsiri. Oktoba mwaka huo akarudi Dar es Salaam.

Mwaka 1958 alisimama tena kama mgombea, safari hii dhidi ya sheria yenyewe. Wakoloni waliweka kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura yake inaharibika. Wengi TANU walitaka kususia. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi waingie, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake, African National Congress. Miezi michache baadaye Nyerere alihukumiwa kwa kukashifu maofisa wa serikali gazetini na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Mwezi uliofuata alisimama Jimbo la Mashariki na kumshinda Patrick Kunambi, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale 17.

Kuanzia hapo hadithi inageuka, na mtu mwaminifu hawezi kuikatia njiani. Desemba 1961 nchi ikawa huru. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 Nyerere hakuwa tena mtu wa kutoka bara asiye na watu. Alikuwa ndiye mwenye kiti. Mtemvu alithubutu kusimama dhidi yake na kupata kura 21,276, wakati Nyerere alipata zaidi ya milioni moja. Hakuna mpinzani mwingine aliyepata nafasi hiyo. Kuanzia mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja, mgombea urais mmoja, na mwananchi aliulizwa tu ndiyo au hapana.

Kwa upande wa ubunge aliacha mlango wazi kidogo. Wagombea wawili wa TANU walishindanishwa, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na mwaka ule wa 1965 vigogo walianguka kweli kweli. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mzaliwa wa Ikizu huku huku Mara, alipigwa chini Mwanza. Rais akamrudisha bungeni kwa uteuzi.

Lakini mlango huo ulikuwa na mwenye funguo. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza wabunge tisa, na mmoja wao alikuwa Joseph Kasella Bantu, yule yule aliyemshika mkono mwalimu wa Pugu na kumpeleka Kariakoo. Mwaka huo huo Abdulwahid Sykes alifariki, akiwa na miaka 43 tu, na kwa miaka mingi vitabu vya shule havikumtaja kwa kiasi alichostahili. Ni uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa: aliyepishwa hakuweka utaratibu wa yeye naye kupisha.

Aliachia urais mwaka 1985, kwa hiari, jambo ambalo marais wengi wa Afrika wa rika lake hawakulifanya. Kuanzia mwaka 1990 akaanza kusema waziwazi kwamba nchi ijiandae kwa vyama vingi, na Tume ya Nyalali ilipoonyesha kuwa karibu asilimia 80 ya wananchi wanataka chama kimoja kiendelee, yeye alikuwa upande wa wale wachache. Sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Aliishi kuona matunda yake yakianza kuchumwa karibu kabisa na nyumbani. Mwaka 1995, Bunda, Stephen Wassira kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi alimshinda Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu. Mahakama baadaye ikatengua matokeo. Miaka ishirini ikapita, Wassira akiwa sasa ndiye kigogo wa CCM, akaangushwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa CHADEMA. Watu wa Mara hawashtuki sana kigogo akianguka.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaochukua fomu wiki hii na kuambiwa kuwa hamna watu: msikate tamaa, mwalimu wa Pugu naye hakuwa nao. Na ninyi mlioko ofisini, mnaoamini kuwa kiti kina jina lenu, someni upya maisha ya Abdulwahid. Chuo chetu hakijawahi kukosa wanaotaka kuwa Nyerere. Anayekosekana kila mwaka, matokeo yakishabandikwa ubaoni, ni yule aliyeshindwa ambaye kesho yake asubuhi anakuja kikaoni.