Ambroise Paré: Kinyozi aliyeunganisha mwili na mashine

Siku hizi simu zetu zimejaa video za watu wenye mikono ya bandia inayofungua na kufunga vidole kwa umeme, na miguu yenye kompyuta ndogo ndani ya goti. Kila video kama hiyo inaposambaa, naulizwa maswali yaleyale: inapatikana wapi, na bei yake ni kiasi gani? Ni nadra mtu kuuliza habari za kigutu, yaani sehemu ya mguu au mkono inayobaki baada ya kiungo kukatwa. Ndiyo maana wiki hii nawaletea maisha ya Mfaransa mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 400 iliyopita, ambaye alianza na kigutu kabla ya kufikiria mashine.

Ambroise Paré alizaliwa karibu mwaka 1510 huko Bourg-Hersent, jirani na mji wa Laval, magharibi mwa Ufaransa. Hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini, lugha ya madaktari wa wakati ule. Alikuwa kinyozi. Hilo lisikushangaze. Katika Ulaya ya enzi hizo daktari alikuwa msomi wa kupima mapigo ya moyo na kutazama mkojo. Kazi ya kutumbua majipu, kushona majeraha na kukata miguu iliyooza iliachiwa vinyozi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na wembe na hawakuogopa damu. Paré alikwenda Paris, akafanya kazi kwa miaka michache Hôtel-Dieu, hospitali kubwa iliyopokea maskini, kisha akaajiriwa jeshini.

Bunduki zilikuwa bado silaha ngeni, na majeraha yake yaliwachanganya wataalamu. Vitabu vilisema baruti ina sumu, hivyo jeraha la risasi lazima limwagiwe mafuta yanayochemka. Kijana Paré alifanya kama alivyofundishwa. Miaka ya 1530, katika vita karibu na Turin huko Italia, majeruhi walikuwa wengi mpaka mafuta yakamwishia. Kwa kukosa la kufanya akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki. Usiku huo hakupata usingizi, akihofia atawakuta wamekufa kwa sumu. Alidamka mapema kwenda kuwaona. Waliopakwa mchanganyiko ule walikuwa wamelala vizuri na maumivu yao yalikuwa kidogo. Waliochomwa kwa mafuta walikuwa na homa, majeraha yamevimba, wanaugulia. Kuanzia siku hiyo aliacha kuwachoma watu, na mwaka 1545 akatoa kitabu kuhusu majeraha ya bunduki, kwa Kifaransa, ili vinyozi wenzake waweze kukisoma.

Kukatwa mguu kulikuwa na mateso yake. Dawa ya usingizi haikuwepo. Baada ya kisu na msumeno, damu ilizuiwa kwa chuma chenye moto kilichokandamizwa kwenye nyama mbichi. Aliyepona mara nyingi alibaki na kigutu chenye makovu mabaya, kisichogusika. Paré aliichukua mbinu ya kale ya kufunga mishipa ya damu kwa uzi, iliyokuwa ikitumika kwenye majeraha ya kawaida, akaipeleka kwenye ukataji wa viungo. Alivuta ncha ya mshipa kwa koleo lililoitwa mdomo wa kunguru, akaifunga. Mwaka 1552, katika mazingira ya Damvillers, alimkata mguu ofisa mmoja aliyepigwa kwa mzinga, bila kutumia chuma cha moto hata kidogo. Ofisa huyo alipona, akarudi kwao na mguu wa mti.

Tusimpambe kupita kiasi. Uzi ule haukuwa safi, na hakuna aliyejua habari za vijidudu. Pia kufunga mishipa mingi huku damu ikiruka kulihitaji wasaidizi na muda, kwa hiyo wapasuaji wengi waliendelea na chuma cha moto kwa miaka mingi baada yake.

Lakini kuna jambo Paré aliliona ambalo fundi yeyote wa viungo bandia, awe Moshi pale KCMC au Paris, hulifanyia kazi hadi leo: mahali pa kukata ndipo panapoamua kama mtu atatembea. Aliandika habari za kapteni mmoja aliyepoteza unyayo kwa risasi ya mzinga. Jeraha lilipona kabisa, lakini kipande kirefu cha mguu kilichobaki kilikuwa mzigo tu, kinamchosha na hakimsaidii kitu. Kapteni akaomba akatwe tena, mguu mzima usio na ugonjwa, upana wa vidole vitano chini ya goti. Baada ya hapo alitembea kwa urahisi zaidi na mguu wake wa mti. Hebu fikiria mtu kukubali kisu mara ya pili, akiwa macho, ili tu mwili ukubaliane na kifaa.

Vifaa vyenyewe Paré alivibuni pamoja na mafundi. Mkono wake maarufu ulitengenezwa na fundi wa makufuli wa Paris aliyeitwa kwa jina la utani Le Petit Lorrain. Ulikuwa wa chuma, na ndani yake mlikuwa na springi na magurudumu madogo yenye meno ya kuendesha vidole. Mguu wa juu ya goti ulikuwa na goti linalokunjwa, lenye komeo lililolifunga mtu akisimama, na kamba ya kulifungua akitaka kuketi. Michoro yake ilichapishwa mwaka 1564. Humo pia alichora mguu wa maskini: gongo la mti, mto mdogo wa kuegemeza goti, na mikanda. Nampenda zaidi kwa mchoro huo kuliko kwa mkono wa chuma. Alijua kwamba wengi wa wanajeshi wake wasingeweza kumlipa fundi wa makufuli.

Aliandika pia jambo ambalo wengi walidhani ni uzushi. Wagonjwa wake, miezi mingi baada ya kukatwa, walilalamika kwamba kiungo kisichokuwepo kinawauma. Paré aliwaamini. Ilichukua takriban miaka 300, mpaka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ndipo daktari Silas Weir Mitchell akaipa hali hiyo jina linalotumika hadi leo kwa Kiingereza, lenye maana ya kiungo cha mzuka.

Nasimama hapa kidogo, maana najua kuna wasomaji waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari au ajali ya bodaboda, na usiku vidole ambavyo havipo vinawaka moto. Wengine hunyamaza wasije wakaitwa wendawazimu, wengine hupelekwa kwa mganga. Huo si wazimu wala si uchawi. Ubongo bado una nafasi ya ule mguu, na mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inapeleka habari. Mweleze daktari wako waziwazi. Zipo dawa, na yapo mazoezi ya kutumia kioo, ambapo unatazama taswira ya mguu mzima ukicheza mahali pa ule uliokatwa. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kwayo.

Tumrudie Paré. Aliwahudumia wafalme wanne wa Ufaransa, kuanzia Henri wa Pili, ambaye hakuweza kumwokoa mwaka 1559 alipochomwa jichoni na kipande cha mkuki mchezoni. Madaktari wa chuo kikuu cha Paris walijaribu kuzuia vitabu vyake vilivyokusanywa mwaka 1575, mojawapo ya hoja zao ikiwa kwamba kinyozi hana ruhusa ya kuandika juu ya homa. Aliandika pia mambo ya majini na viumbe vya ajabu ambayo leo yanachekesha. Alifariki Paris tarehe 20 Desemba 1590, akiwa na umri wa takriban miaka 80.

Yale malalamiko ya wagonjwa wake yamekuwa na faida ambayo asingeweza kuiwaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Chicago, daktari Todd Kuiken na wenzake waliichukua mishipa ya fahamu iliyokuwa ikienda kwenye mkono uliokatwa, wakaihamishia kwenye misuli ya kifua. Mgonjwa akifikiria kufunga kiganja, msuli wa kifua unacheza, na mkono wa umeme unapokea ishara hiyo na kujifunga. Cha ajabu zaidi, baadhi yao walipoguswa kifuani walihisi wameguswa kwenye mkono ambao haupo.

Nchini Sweden, kuanzia mwaka 1990, baadhi ya wagonjwa wamepandikizwa nondo ya titaniamu ndani ya mfupa wa paja, ikatokeza nje ya ngozi, na mguu wa bandia ukafungwa hapo moja kwa moja bila kubana kigutu. Wanatembea vizuri zaidi, na husema wanaihisi ardhi kupitia mfupa. Lakini pale chuma kinapotokea kwenye ngozi pana tundu lisilofungika, na vijidudu hupitia hapo. Kwa hiyo mwenye mguu wa kisasa namna hiyo hupaosha kila siku, kwa maji na sabuni.