Balagha si mapambo: funzo la Muindi Mbingu

Nilipozuru Kanyangi, Kitui, mwanafunzi mmoja alinitaka nimweleze balagha ni nini kama si maneno matamu ya kurembesha insha. Nilimjibu kwa kisa cha Samuel Muindi Mbingu wa Machakos.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwatwaa ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, ikidai mifugo imezidi na udongo unamomonyoka. Muindi hakuwa chifu wala wakili. Hata hivyo, alizijua hadhira zake mbili. Mbele ya wafugaji ng'ombe alikuwa mahari, akiba na heshima. Hapo msamiati mgumu haukuhitajika. Kwa watawala, yeye na wenzake walipeleka malalamiko ya maandishi hadi London. Kisha, mwezi wa Julai, maelfu walimfuata Nairobi wakakaa majuma kadhaa, kwa utulivu, wakidai kuonana na Gavana.

Wagiriki wa kale walitaja nguzo 3 za balagha: sifa ya msemaji, hisia za hadhira na uzito wa hoja. Muindi alikuwa nazo zote. Alihamishwa kwa nguvu hadi Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa lazima.

Walimu wenzangu, tunapofundisha tamathali za usemi pekee, tunamvisha mwanafunzi kilemba bila kanzu. Tumuulize kwanza: unasema na nani, unataka nini, na kwa nini akuamini?