Schillings: mwindaji aliyewapiga simba flashi

Kwa wale mnaohangaika na flashi, leo nawaletea stori ya Mjerumani mmoja wa zamani.

Jamaa anaitwa Carl Georg Schillings, alizaliwa Düren mwaka 1865. Mwaka 1896 akaja huku, enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuwa mwindaji, na aliua wanyama wengi tu. Lakini kadiri alivyorudi akaona bunduki zikiendelea hivi, wanyama wataisha. Akaamua awapige picha wakiwa hai, tena usiku!

Safari yake kubwa ni ya 1903 na 1904, huko Kilimanjaro na nyika za Wamaasai. Wapagazi walibeba kamera nzito za Goerz na sahani za vioo. Flashi kama za leo hakuna. Mwanga ulitoka kwenye unga wa magnesi unaolipuka, ukizembea unakuunguza. Usiku alifunga punda au ng'ombe kama chambo, akatega kamera. Simba akija, unga unalipuka na shata inafunguka kwa wakati mmoja.

Sasa cheki hesabu yake. Unga ukishawaka huwezi kuupunguza. Ilibidi aamue mapema: unga kiasi gani, chambo kiwe umbali gani, tundu la lenzi liwe wazi kiasi gani. Hiyo ndiyo manyuo! Flashi ya leo ukiiweka manyuo unachagua mwenyewe 1/1, 1/2, 1/4 na kushuka, yenyewe haikufikirii kitu. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Ndiyo maana manyuo inafaa mtu akiwa ametulia, kama studio.

Hai-spidi sinki je? Shata za kamera nyingi zina mapazia mawili. Kasi ikipita kama 1/200 au 1/250, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, unapita mwanya tu. Flashi ikipiga mara moja, kipande cha picha kinatoka cheusi. Kwa hiyo inapiga vimwanga vingi harakaharaka mpaka mwanya umalize kupita. Yaani mwanga unarefuka, kama unga wa Schillings, ambao nao haukuzimika papo hapo.

Hasara yake nguvu inashuka sana, lazima usogee karibu, na betri zinakwisha fasta. Faida utaiona saa sita mchana na jua letu la Ufipa, bwana harusi uso uko kwenye kivuli cha kofia, na wewe unataka lenzi iwe wazi ili nyuma kufifie.

Mwaka 1905 Schillings akatoa kitabu chenye picha zile, kikauzika sana Ulaya. Umaarufu ule akautumia kutetea wanyama, na ndege waliouawa kwa ajili ya manyoya ya kofia za akina mama. Akafariki Berlin mwaka 1921.

Aliyekuja na bunduki anakumbukwa kwa kamera. Ila mizigo ilibebwa na babu zetu, na jina kwenye jalada ni lake peke yake. Mnasemaje wadau, hiyo ni haki?