Tingatinga, Mchora Wanyama

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa katika mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alipokuwa kijana akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko, yapata mwaka 1968, akaanza kuchora. Kwa kuwa alikuwa maskini, alitwaa vipande vya mbao za dari na rangi ya baiskeli. Hakuwachora wanyama kama jicho liwaonavyo, bali kama mtu awaonavyo ndotoni. Akawafundisha jamaa zake kazi hiyo. Mwaka 1972 askari polisi wakamdhania kuwa mwizi, wakampiga risasi, naye akafa. Lakini wanafunzi wake hawakuiacha kazi. Na hata leo uchoraji huo huitwa kwa jina lake.