Daktari Maria Montessori, Mama wa Viti Vidogo

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumeiandika kwenye insha tangu shule ya msingi, na sijawahi kumsikia mtu akiipinga. Mwaka huu nimesoma habari za mama mmoja aliyeipinga maisha yake yote, ingawa nadhani hakuwahi kuisikia. Yeye aliona kwamba mtoto si wa kukunjwa. Ni wa kutayarishiwa mahali pazuri, kisha aachwe akue. Jina lake ni Daktari Maria Montessori. Alifariki mwaka wa 1952, lakini kila asubuhi mimi humpeleka mtoto mahali ambapo kazi yake bado inaendelea.

Wacha nieleze vile nilivyomjua. Kitinda mimba wetu ana miaka minne, naye yuko katika nasari ya masista Wakatoliki hapa Kitengela. Mama hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwandani upande wa Athi River, kwa hivyo kazi ya kumpeleka mtoto ni yangu. Lango hufunguliwa mapema. Mtoto humpa Sista mkono na kumwamkua, huvua viatu na kuvipanga, hutundika mkoba kwenye msumari wake, halafu wote hufanya ishara ya msalaba na kusali. Baada ya hapo hakuna kelele za a-e-i-o-u. Kila mtoto hutandika kijamvi chake sakafuni na kuchagua kazi. Mmoja anamimina maharagwe kutoka jagi moja hadi jingine, mwingine anakunja vitambaa, mwingine anafunga na kufungua vifungo. Ni marufuku kukanyaga jamvi la mwenzako. Ukimaliza kazi, unairudisha mahali ulipoitoa. Saa nne ni uji, baada ya kushukuru Mungu, na kila mtu huosha kikombe chake. Saa sita wanasali Malaika wa Bwana, wanakula, wanalala.

Basi muhula wa kwanza ulipokwisha, mama akafungua daftari la mtoto akalikuta karibu tupu. Mtoto wa jirani wa umri huohuo, anayesoma kwingine, alikuwa amejaza madaftari mawili na kila jioni ana kazi ya nyumbani. Nyanya yetu kutoka Kajiado, ambaye tunamwita koko, alikuwa ametutembelea siku hiyo. Aliuliza kama kweli tunalipa karo ili mtoto afundishwe kumimina maji, na kwake yako maji ya kuteka bure. Mama akaamua kwamba muhula ujao atamtoa. Mimi nikatumwa nikaulize kwanza. Sista hakukasirika hata kidogo. Alinionyesha picha ya mama mzee iliyotundikwa ofisini, akaniazima kitabu. Nilikisoma juma zima, na yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, nchini Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mfanyakazi wa serikali, na mama yake, Renilde, alipenda sana vitabu. Maria alipokuwa na miaka mitano walihamia Roma. Zamani hizo msichana aliyesoma alitarajiwa kuwa mwalimu, na baba yake alitaka hivyo. Maria akakataa kata kata. Akaenda shule ya ufundi pamoja na wavulana kwa sababu alipenda hesabu na alitaka kuwa injinia. Baadaye akabadili nia akataka udaktari, jambo lililomwudhi baba yake zaidi.

Katika chuo kikuu cha Roma mambo hayakuwa rahisi. Ilionekana ni aibu mwanamke kukaa na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi. Kwa hivyo ilimbidi afanye masomo ya kupasua maiti peke yake, jioni, wenzake wakiwa wamekwenda nyumbani. Wee! Mimi hata kupita karibu na chumba cha maiti mchana sitaki. Lakini alivumilia, na mwaka wa 1896 akahitimu, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kuwa madaktari nchini Italia.

Kazi yake ya mwanzo ilimpeleka katika nyumba za wagonjwa wa akili. Huko alikuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima, katika vyumba visivyo na kitu. Mlinzi mmoja alilalamika kwamba watoto hao ni wachafu, kwa sababu baada ya kula hujitupa sakafuni kuokota makombo. Daktari Maria alitazama akaona jambo jingine. Chumba kile hakikuwa na kitu hata kimoja cha kushika, na makombo ndiyo pekee yaliyokuwepo. Watoto walikuwa na njaa ya kutumia mikono. Akasoma vitabu vya madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya mbao na kitambaa, akawafundisha. Baadhi ya watoto wale, ambao watu walisema hawafundishiki, walifanya mtihani wa serikali wa kusoma na kuandika wakapita. Watu wakamsifu. Yeye akajiuliza swali gumu: kama watoto hawa wameweza, hawa wengine wazima walio mashuleni wanafanywa nini hata wasiwazidi?

Jibu alilipata mtaani San Lorenzo, kitongoji maskini cha Roma. Majumba ya kukodi yalikuwa yamekarabatiwa pale, na wazazi walikuwa wakitoka alfajiri kwenda vibaruani. Watoto wadogo waliobaki walichora kuta na kuharibu ngazi. Wenye majumba wakaona ni nafuu kuwaweka chumba kimoja na mtu wa kuwaangalia kuliko kupaka rangi kila mara. Wakamwomba Daktari Maria asimamie. Tarehe 6 Januari 1907 chumba kikafunguliwa, kikaitwa Nyumba ya Watoto. Niliposoma hapo nilicheka, maana ni kama Kitengela yetu: wazazi kiwandani, watoto plotini, na mwenye ploti akilalamika juu ya kuta zake.

Walikuwa watoto kama 50, wa miaka kati ya miwili na sita. Maria alifanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida. Badala ya madawati mazito, aliagiza meza na viti vidogo ambavyo mtoto anaweza kuvibeba mwenyewe. Beseni la kunawia likawekwa chini chini. Vifaa vilifungiwa kabatini, lakini siku moja mwalimu alichelewa na kabati lilikuwa wazi. Alipofika aliwakuta watoto wamejichukulia kila mmoja kazi yake, wanafanya kimya. Mwalimu alitaka kuwaadhibu kama wezi. Maria akasema waachwe, na tangu hapo makabati yakawa mafupi na bila kufuli. Ndiyo maana rafu za nasari ya mdogo wangu zinanifika magotini.

Jambo jingine lilimshangaza Maria. Msichana wa miaka mitatu hivi alikuwa akichomeka vipande vya mbao vya mviringo katika matundu yake, akivitoa na kuvirudisha. Maria akamwinua pamoja na kiti chake, akawaambia watoto wengine waimbe, lakini yule hakuinua macho. Alirudia kazi ile zaidi ya mara 40, kisha akaacha, akatabasamu kama mtu aliyeamka usingizini. Siku nyingine Maria aliwafundisha watoto namna ya kupenga makamasi polepole kwa leso. Walipoona wakampigia makofi. Kumbe kila siku walikuwa wakikaripiwa kwa pua chafu, na hakuna aliyekuwa amewaonyesha jinsi ya kuisafisha. Hapo nilifunga kitabu kidogo, nikakumbuka mara ngapi nimemfokea mdogo wangu kwa kumwaga chai, bila kumwonyesha kikombe kinashikwaje.

Na kuandika je? Hili ndilo swali nililotumwa. Maria alitengeneza herufi za msasa zilizobandikwa kwenye mbao. Mtoto hupitisha vidole juu yake huku akitamka sauti yake. Mkono unajifunza kabla ya kalamu. Kufunga vifungo, kumimina, kushika vipande vidogo kwa vidole vitatu, yote hayo ni kuutayarisha mkono huo. Siku moja, watoto wakiwa juu ya paa la nyumba, Maria alimpa mtoto mmoja wa miaka mitano chaki achore bomba la moshi. Akalichora. Halafu ghafla akaanza kuandika maneno sakafuni, akipiga kelele kwa furaha kwamba anaweza kuandika. Wenzake nao wakataka chaki. Hakuna aliyewachapa, wala hakuna aliyewajazia daftari.

Sifa zikaenea. Mwaka wa 1909 alichapisha kitabu cha njia yake, na mwaka wa 1913 alipokwenda Marekani alipokewa kama rais. Mwaka wa 1915 huko San Francisco watu walijazana kutazama darasa lake kupitia kuta za vioo.

Hata hivyo, msomaji, penye miti hapakosi vivuli. Mwaka wa 1898 Maria alijifungua mtoto wa kiume, Mario, aliyemzaa na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Hawakuoana. Kwa mwanamke wa wakati ule, habari hiyo ingezima kazi yake yote. Mtoto akapelekwa shambani kulelewa na familia nyingine, na mama yake akawa anakwenda kumtembelea tu. Yaani alipokuwa San Lorenzo akiwafunga watoto wa wenzake kamba za viatu, mwanawe alikuwa na miaka minane na alikuwa akilelewa na wengine. Alikuja kuishi naye akiwa kijana, baada ya nyanya yake Renilde kufariki mwaka wa 1912. Hata hapo, kwa miaka mingi watu waliambiwa ni mpwa wake au mtoto wa kulea.

Mambo mengine pia yalimpata. Mwaka wa 1924 Mussolini alianza kuzisaidia shule zake, naye akakubali msaada huo. Lakini dikteta alitaka watoto wa kutii amri, na watoto wa Maria walikuwa wamezoea kuchagua. Wakakosana. Mwaka wa 1934 Maria aliondoka Italia na shule zake zikafungwa. Ujerumani ya Hitler nayo ikazifunga. Hispania, alikokuwa ameishi tangu 1916, vita vikazuka mwaka wa 1936, akakimbilia Uholanzi.

Huko Barcelona alikuwa ameanza jambo linalotuhusu Wakatoliki. Alitengeneza kanisa dogo la watoto, lenye viti vyao na maji ya baraka mahali wanapofikia. Watoto walipanda ngano na mizabibu wenyewe, ili mkate na divai ya Misa vitoke mikononi mwao. Wako watu wa Kanisa waliomshuku, wakisema uhuru huo utawaharibu watoto. Leo masista wa Afrika Mashariki, hapa Kenya na Tanzania, wanaendesha baadhi ya nasari za njia yake.

Mwaka wa 1939 alikwenda India na Mario kufundisha walimu. Vita Vikuu vya Pili vikawakuta huko. Italia ilipoingia vitani mwaka wa 1940, Waingereza walimkamata Mario kama adui. Tarehe 31 Agosti, mama alipotimiza miaka 70, walimwachilia ili iwe zawadi yake. Walikaa India hadi 1946. Baada ya hapo jina lake lilipendekezwa mara tatu kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, lakini hakuipata. Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952. Inasimuliwa kwamba siku hiyo walikuwa wakizungumza juu ya safari ya kuja Afrika, kufundisha walimu Ghana, ambayo wakati huo iliitwa Gold Coast. Hakufika. Mario ndiye aliyeiendeleza kazi yake mpaka mwaka wa 1982, alipofariki naye.

Nilimsimulia mama yote haya jioni moja akiwa amelowesha miguu katika beseni. Sehemu ya herufi za msasa aliisikiliza kwa makini. Nilipofika kwa Mario nilisema kwamba huyo mama alikuwa mnafiki, kufundisha dunia nzima kulea na wake amempa mwingine. Mama alinyamaza sana. Halafu aliniuliza mtoto wetu amekula nini mchana, na kama ananiita mimi akiamka usiku au anamwita yeye. Nilijua jibu, naye alilijua. Akaniambia nikiandika habari za mama huyo nisimwandike kama mzazi mbaya. Kwa hivyo sitaandika hivyo.

Likizo ya Agosti tulikwenda Kajiado. Koko alipomaliza kukama, mdogo wangu aliomba kibuyu. Mimi nilitaka kumnyang'anya. Mama akanishika mkono. Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akamimina maziwa katika vikombe vitano, akapangusa mdomo wa kibuyu, akakifunika na kukirudisha mahali pake. Halikumwagika hata tone. Koko alisema kwamba kumbe masista wanafundisha kama Wamaasai, maana kwao mtoto mdogo hupewa wana-kondoo halisi wa kuchunga, si wa kuchora. Muhula wa tatu mtoto hakutolewa nasari. Karo bado inatusumbua, na daftari bado halijajaa. Ila juzi alinishika kiganja na kukichora kwa kidole chake, polepole, herufi M. Nilimwuliza ni M ya nini. Akasema ni ya mama.