Kapiteni Joubert na Nchi ya Mpala

Léopold Louis Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, katika nchi ya Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka 18 akaenda Italia kuwa askari wa Baba Mtakatifu, kwa maana nchi za Papa zilikuwa zikishambuliwa. Mwaka 1860 alipigana huko Castelfidardo, na jeshi la Papa likashindwa. Mwaka 1870 Roma yenyewe ikatwaliwa, na jeshi lile likavunjwa.

Baadaye Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliwaza habari za kale za Ulaya. Zamani kulikuwa na mashirika ya watawa wenye silaha, kama lile la Malta, yaliyotawala visiwa na mashamba makubwa. Akatumaini kwamba askari Wakristu wangelinda misioni za Ziwa Tanganyika juu ya wakamata watumwa, hata pengine ufalme wa Kikristu ungesimama huko. Joubert akaitikia.

Lakini nchi ya Mpala ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1883 Sultani Mpala alimpokea Emile Storms, afisa Mbelgiji, akamruhusu kujenga boma. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Pili akawaachia Mapadri Weupe boma lile. Mwaka huohuo mataifa ya Ulaya yalikubali kwamba nchi yote ya magharibi ya ziwa ni ya mfalme huyo. Nao watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, walizunguka wakitafuta pembe na watumwa. Hivyo nchi moja ikadaiwa na wengi, na Watabwa walioilima hawakuulizwa na mtu huko Ulaya.

Joubert aliwasili Mpala mwezi wa Machi 1887. Akawafundisha vijana kulinda vijiji, na watu waliokimbia utumwa wakapata kimbilio. Mapadri nao wakahukumu mashauri kama watawala. Mwaka 1888 akamwoa Agnes Atakaye, mwanamke Mwafrika, kwa ndoa takatifu, kisha akajenga kijiji chake huko Mrumbi. Mara nyingi risasi zilikuwa haba na maadui wengi, wala yeye hakukimbia.

Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapiteni Jacques alifika na msaada, akaanzisha Albertville, mji uitwao leo Kalemie. Kardinali Lavigerie akafariki mwaka 1892, na ufalme aliouwaza haukusimama kamwe. Utawala ukashikwa na Serikali ya Leopold, nayo pia ikawatoza watu wa Kongo kazi nzito.

Joubert angeweza kurudi kwao. Hakurudi. Aliweka silaha chini, akaishi na mke wake na watoto wake, akafundisha dini na kuwatunza wagonjwa. Alifariki tarehe 27 Mei 1927, karibu na Moba, akiwa na miaka 85.

Alikuja kulinda nchi kwa bunduki. Watu wakamkumbuka kwa sababu alikaa nao. Basi, mkatekumeni ajifunze amri ya saba katika habari hii. Kusogeza mpaka wa shamba la jirani ni wizi, hata kama anayeusogeza asema anafanya hivyo kwa ajili ya Mungu. Kabla ya kushika jembe katika udongo usio wako, umwulize kwanza yule aliyeulima.