Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba na Kumbukumbu za Nyumba ya Mama Yake

Tarehe 9 Agosti ya kila mwaka kalenda ya Kanisa inatuwekea jina la Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba, bikira na shahidi. Wengi hulisikia katika Misa ya asubuhi, likapita. Wanaomfahamu zaidi humjua kuwa mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyebatizwa, akawa mtawa wa Karmeli, akauawa huko Auschwitz mwaka 1942. Yote hayo ni kweli. Katika makala haya, hata hivyo, napenda tuyatazame maisha yake kwa upande usiozungumzwa sana, yaani upande wa makaratasi: yale aliyoyapanga kwa ajili ya wengine, yale aliyoyaandika juu ya jamaa yake, na jinsi yalivyookoka wakati wenyewe hawakuokoka.

Edith Stein, kwani ndilo jina alilopewa na wazazi wake, alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 katika mji wa Breslau, uliokuwa wakati huo nchini Ujerumani na ambao leo ni Wrocław, Poland. Siku hiyo Wayahudi walikuwa wakiadhimisha Siku ya Upatanisho. Alikuwa kitindamimba wa watoto 11, ambao wanne kati yao walifariki wangali wadogo. Baba yake alifariki ghafla mwaka 1893, Edith akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Auguste, aliachiwa biashara ya mbao yenye madeni pamoja na watoto saba wa kulea. Hakuiuza biashara ile. Aliiendesha mwenyewe na kuisimamisha, huku akishika sala na sikukuu za imani yake kwa uaminifu. Binti yake mdogo, alipoingia ujana, aliacha kusali kwa hiari yake.

Mwaka 1913 alikwenda Göttingen kusoma kwa Edmund Husserl. Sisi tuliopitia falsafa seminarini tunalikumbuka jina hilo, na pengine tunaukumbuka zaidi ugumu wa vitabu vyake. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaka, Edith aliacha masomo kwa muda akawauguza askari wagonjwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu. Kisha alirudi, na mwaka 1916 akapata shahada ya uzamivu huko Freiburg kwa alama za juu kabisa. Tasnifu yake ilichunguza jinsi mtu anavyoweza kuingia katika hali ya moyo wa mwenzake.

Husserl alimfanya msaidizi wake. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma lundo la kurasa zilizoandikwa kwa hati mkato, kuzinakili kwa maandishi ya kawaida na kuzipanga zipate kuwa kitabu. Aliifanya kwa karibu miaka miwili, na mara nyingi Husserl hakuyasoma hata yale yaliyokwisha kupangwa. Mwishoni Edith alijiuzulu. Katika kipindi hichohicho, Novemba 1917, rafiki na mwalimu wake Adolf Reinach aliuawa vitani huko Flanders, na mjane wake akamwomba Edith aje kupanga maandishi ya marehemu. Alikwenda akiogopa kukutana na mwanamke aliyevunjika moyo. Alikuta mjane Mkristo aliyekuwa na huzuni ya kweli, lakini amesimama imara kwa nguvu ya Msalaba. Edith mwenyewe aliihesabu ziara ile kuwa mahali ambapo kutoamini kwake kulianza kubomoka. Kazi ya kupanga makaratasi ya marehemu ndiyo iliyomfikisha kwenye mlango huo.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika kiangazi cha 1921 alisoma maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila. Tarehe 1 Januari 1922 alibatizwa. Alifundisha miaka minane katika shule ya masista Wadominikani huko Speyer, kisha Münster. Mwaka 1933 utawala wa Kinazi uliwafungia Wayahudi milango ya kufundisha, naye akapoteza nafasi yake.

Mwaka huo aliandika barua moja na kuanza kitabu kimoja. Barua aliipeleka kwa Papa Pius XI mwezi Aprili, akimwomba Kanisa lisikae kimya mbele ya chuki dhidi ya Wayahudi. Ilihifadhiwa Vatikani, na watu waliweza kuisoma mwaka 2003, hifadhi za nyaraka za kipindi kile zilipofunguliwa. Mtu anayeisoma leo hawezi kusema kwamba hakuna aliyeona mapema.

Kitabu alikianza nyumbani kwa mama yake, Breslau, alipokuwa akingoja kuingia Karmeli. Vijana wa Ujerumani walikuwa wakifundishwa kwamba Myahudi ni mnyonyaji asiye na utu. Edith hakujibu kwa hoja za kifalsafa, ingawa alikuwa na uwezo huo kuliko wengi. Aliketi na mama yake mzee, akasikiliza habari za mababu, akaandika maisha ya jamaa moja ya Kiyahudi kama alivyoyaona: ua wa mbao, sikukuu, magonjwa, harusi, madeni ya wajomba, ugomvi wa ndugu na upatanisho wao. Hakuwapamba jamaa zake. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye nguvu ya maandishi yale, kwa sababu uongo uliokuwa ukienezwa ulihitaji watu wasio na sura, naye aliwapa sura, pamoja na kasoro zao.

Tarehe 12 Oktoba, siku yake ya kuzaliwa, alimsindikiza mama yake kwenye sinagogi kwa mara ya mwisho. Siku mbili baadaye aliingia monasteri ya Karmeli huko Köln. Kwa mama huyo lilikuwa jeraha lisilopona. Alifariki tarehe 14 Septemba 1936, na uvumi ulipozuka kwamba aliongokea Ukristo kabla ya kufa, Sista Benedikta aliukanusha kwa maandishi. Mama yake alikufa katika imani aliyoishika maisha yake yote, na binti hakukubali ibadilishwe hata kwa nia njema.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto. Mwisho wa mwaka huo alivushwa kwenda monasteri ya Echt, Uholanzi. Picha yake inayoonekana makanisani mwetu, ya mtawa mwenye uso mtulivu na macho yaliyochoka, ni picha ya pasipoti iliyopigwa kwa ajili ya safari hiyo. Muswada wa jamaa yake ulibaki Köln, kwa kuwa kukamatwa nao mpakani kulikuwa hatari. Miezi michache baadaye mmisionari mmoja alikubali kumpelekea. Aliendelea kuuandika, na Wajerumani walipoivamia Uholanzi ikabidi ufichwe.

Tarehe 26 Julai 1942 barua ya maaskofu wa Uholanzi ya kupinga kuhamishwa kwa Wayahudi ilisomwa makanisani. Wanazi walilipiza kisasi kwa kuwakamata Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi. Jumapili tarehe 2 Agosti walimchukua Sista Benedikta pamoja na dada yake Rosa, aliyekuwa amebatizwa na akihudumu katika monasteri ileile. Kutoka kambi ya Westerbork alifaulu kuwaandikia watawa wenzake. Tarehe 7 Agosti waliingizwa kwenye treni, na Kanisa linashika tarehe 9 kuwa siku ya kifo chao. Kaka yao Paul na dada yao Frieda walifia Theresienstadt.

Mezani pake Echt ulibaki muswada wa kitabu juu ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Watawa wenzake waliyakusanya maandishi yake yote. Januari 1945, vita ilipowalazimisha kuhama, waliyabeba katika magunia hadi Herkenbosch. Nyumba walimoyaweka ilibomolewa, na kurasa zikatawanyika katika kifusi.

Mwezi Machi walifika watu wa kuziokota. Mmoja wao alikuwa Padre Herman Leo Van Breda, Mfransisko wa Ubelgiji. Huyu ndiye aliyevusha kutoka Ujerumani mwaka 1938 kurasa zipatazo 40,000 za Husserl, ambaye naye alikuwa wa asili ya Kiyahudi, akaziweka salama Leuven. Sasa pamoja na mkuu wa Wakarmeli aliokota karatasi za yule aliyewahi kumpangia Husserl kurasa zake. Zilikuwa zimelowa, zimechanika, hazina mpangilio. Kazi ya kuziunganisha ukurasa kwa ukurasa ilifanywa na Dkt. Lucy Gelber kwa miaka mingi, na mwaka 1950 kitabu juu ya Yohane wa Msalaba kilichapishwa.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri huko Köln mwaka 1987 na mtakatifu tarehe 11 Oktoba 1998. Baadhi ya Wayahudi, wakiwemo ndugu zake wa damu, waliona vigumu kumsikia akiitwa shahidi wa Kanisa, ilhali aliuawa kwa sababu alizaliwa Myahudi. Ni neno zito, na halifai kupuuzwa nasi tunaomwomba atuombee.

Kitabu cha jamaa yake kilichapishwa mwaka 1965 kwa kupunguzwa, kwa kuwa mambo ya ndani ya nyumba yaligusa watu waliokuwa hai bado. Toleo kamili lilitoka mwaka 1985. Muswada haukumalizwa: habari zinakatika mwaka 1916, Edith akiwa amefaulu mtihani wake wa uzamivu, mama yake angali hai Breslau na biashara ya mbao ikiendelea.